Uwezo wa mbu ulishuka kwa asilimia 90, vimelea vikabaki: uchambuzi wa unyeti katika kisa cha Garki

Kati ya 1969 na 1976, Shirika la Afya Duniani na serikali ya Nigeria waliendesha utafiti mkubwa wa malaria katika wilaya ya Garki, kwenye nyanda kavu za kaskazini mwa nchi, eneo ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Jimbo la Kano. Hali ilipimwa kwanza bila kugusa chochote. Kisha nyumba za vijijini zikapuliziwa dawa ukoko (dawa inayobaki ukutani na kuua wadudu wanaotua hapo) aina ya propoxur. Uwezo wa mbu kueneza ugonjwa ulishuka kwa takriban asilimia 90. Watu waliokutwa na vimelea vya Plasmodium falciparum kwenye damu walipungua kwa takriban asilimia 25 tu.

Si kwamba wapuliziaji walizembea. Wala hesabu za miaka ile, zilizosema kwamba kumuua mbu mzima ndiyo silaha kali kuliko zote, hazikuwa na kosa la kujumlisha na kutoa. Zilijibu swali moja, zikasomwa kama zimejibu jingine. Kosa hilo bado linafanyika leo katika tasnifu na makala nyingi za modeli za magonjwa, ambamo jedwali la fahirisi za unyeti (namba zinazoonesha tokeo la modeli linavyobadilika kila parameta, yaani kila kiingizo chake, ikibadilika) za R0 (wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza katika jamii isiyo na maambukizi bado) huwekwa mwishoni kama muhuri, na chini yake sentensi moja inayoshauri serikali ifanye nini. Kisa cha Garki kinafaa kuchambuliwa taratibu kwa sababu karibu kila mtego wa kazi hii umo ndani yake.

Fomula iliyoleta matumaini

Ronald Ross alionesha mwaka 1897, akiwa Secunderabad nchini India, kwamba kimelea cha malaria hukua ndani ya mbu. Baadaye aliandika milinganyo ya namna ugonjwa unavyozunguka kati ya mbu na mtu. Katika miaka ya 1950 George Macdonald aliipanga upya, na katika umbo linalotumika leo inasomeka hivi:

R0 = m·a²·b·c·e^(−μn) ÷ (r·μ)

Hapa m ni idadi ya mbu wa kike kwa kila mtu; a ni mara ngapi mbu mmoja humuuma binadamu kwa siku; b ni uwezekano wa mtu kuambukizwa akiumwa na mbu mwenye vimelea; c ni uwezekano wa mbu kubeba vimelea akimuuma mtu aliyeambukizwa; μ ni kasi ya vifo vya mbu kwa siku; n ni siku ambazo kimelea huhitaji kukomaa ndani ya mbu; na r ni kasi ya watu kupona kwa siku. Alama a imepewa kipeo cha pili kwa sababu mbu lazima aume mara mbili: mara ya kwanza achukue, mara ya pili aache.

Tuweke thamani za kufanyia mazoezi. Hizi ni za kufundishia, hazikupimwa Garki: m = 10, a = 0.3, b = 0.5, c = 0.5, μ = 0.1 (yaani mbu huishi wastani wa siku 10), n = 10, r = 0.01 (mtu hubaki na maambukizi wastani wa siku 100). R0 inatoka 82.8. Katika savana ya Afrika Magharibi ukubwa wa namna hiyo si kichekesho. Wachambuzi wa Garki wenyewe walikadiria kwamba kileleni mwa msimu wa mvua uwezo wa mbu kueneza malaria ulifika hadi mara 2,000 ya kiwango kinachotosha kuudumisha ugonjwa.

Fahirisi ya unyeti hupatikana kwa kuchukua mnyambuliko wa tokeo kwa parameta, kuzidisha kwa parameta, kisha kugawanya kwa tokeo. Maana yake: parameta ikipanda kwa asilimia 1, tokeo linabadilika kwa asilimia ngapi. Kwa fomula hii kazi yote inafanyika kwenye karatasi. Parameta m, b na c zina +1 kila moja. Ile a ina +2. Ya r ni −1. Ya n ni −μn, ambayo kwa thamani zetu ni −1. Na μ ina −(1 + μn), yaani −2.

Hapo ndipo hoja ya Macdonald ilipopata nguvu. Kuua viluwiluwi kwenye mazalia kunagusa m peke yake, ukipunguza nusu unapata nusu. Kumuua mbu mzima anayetua ukutani baada ya kunywa damu kunagusa μ, ambayo inafanya kazi mara mbili: inafupisha muda wa mbu kuuma, na inawaondoa wengi kabla kimelea hakijakomaa. DDT ilikuwepo, ilikuwa rahisi, na ukuta wa nyumba ulikuwa unamngoja mbu. Mwaka 1955 Mkutano wa Afya Duniani uliofanyika Mexico City uliidhinisha mpango wa kuitokomeza malaria duniani, na mpango huo ulifikia ukingoni mwaka 1969, sehemu kubwa ya Afrika ya tropiki ikiwa haikuwahi kuguswa nao ipasavyo.

Parameta ileile, fahirisi mbili

Kabla ya kwenda mbali, tazama jambo ambalo huwaangusha hata wazoefu. Wataalamu wengi wa mbu hawaandiki μ, huandika p, uwezekano wa mbu kuishi siku moja zaidi. Uhusiano wake ni μ = −ln p. Fomula ni ileile, mbu ni walewale. Lakini fahirisi ya p ni n + 1/(−ln p), na kwa p = 0.9 na n = 10 inatoka 19.5.

Je, maisha ya mbu yana unyeti wa 2 au wa 19.5? Yote mawili ni sahihi. Asilimia 1 ya p ni kutoka 0.900 hadi 0.909, na mruko huo mdogo kwa macho unapunguza μ kwa karibu asilimia 9.5. Kwa hiyo ukiona jedwali linalosema p ni mara kumi muhimu kuliko a, usishtuke kwanza. Uliza asilimia 1 ya kila parameta inagharimu nini uwanjani. Parameta zilizobanwa kati ya 0 na 1 na zinazokaribia 1 mara nyingi huonekana mashujaa katika majedwali haya, kwa sababu ya kipimio kilichotumika na si kwa sababu ya biolojia.

Ndugu wa mtego huu ni halijoto. Wapo wanaotoa fahirisi ya unyeti kwa nyuzi za Selsiasi. Sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda, haina uhusiano wowote na mbu, kwa hiyo «asilimia 1 ya nyuzi 20» haina maana yoyote. Halijoto itolewe kwa nyuzi moja nzima. Tutairudia.

Tokeo gani?

Sasa tuje kwenye kiini. R0 ni tokeo moja. Mwenye zahanati, mama mwenye mtoto na mpimaji wa damu hawaioni R0. Wanaona sehemu ya watu wenye vimelea. Katika modeli hiyohiyo, hali ikitulia, sehemu hiyo ni:

x = (R0 − 1) ÷ (R0 + c·a/μ)

Kwa thamani zetu c·a/μ ni 1.5. R0 ya 82.8 inatoa x = 0.97, yaani karibu kila mtu. Punguza mbu kwa asilimia 90, m ishuke kutoka 10 hadi 1. R0 inakuwa 8.28, nayo x inakuwa 0.74. R0 imeanguka kwa asilimia 90, maambukizi yamepungua kwa asilimia 23.

Kukaribiana kwake na robo ya Garki kusimlevye mtu. Modeli hii haina kinga, haina msimu, haina umri, na thamani zake tumezichagua wenyewe. Inachoeleza ni umbo. Kunapokuwa na mbu wengi kupita kiasi, kuumwa kwingi kunaangukia watu ambao tayari wana vimelea, kwa hiyo kunapotea bure. Ukiondoa mbu tisa kati ya kumi, umeondoa kwanza yale maumo yaliyokuwa yakipotea.

Tukitafuta fahirisi ya m kwa tokeo x badala ya R0, inatoka R0(1 + 1.5) ÷ [(R0 − 1)(R0 + 1.5)]. Pale R0 ni 82.8, fahirisi ni 0.03. Pale R0 ni 8.28, ni 0.29. Pale m ni 0.2 na R0 ni 1.66, ni 2.0. Wakati huohuo fahirisi ya m kwa R0 imekaa 1 muda wote, kama saa iliyosimama. Kwa hiyo swali «unyeti wa idadi ya mbu ni kiasi gani» halina jibu mpaka useme unapima tokeo lipi na uko sehemu gani ya mlima. Anayesimama juu, mahali penye maambukizi mazito, ataambiwa na x kwamba hakuna kitu chenye faida. Anayesimama karibu na chini ataambiwa kila kitu kina faida kubwa. Wote wawili watakuwa wameambiwa ukweli wa pale waliposimama tu.

Kwa vitendo: toa fahirisi kwa angalau matokeo mawili, na kwa angalau sehemu tatu za mlima. Kama tokeo lako ni idadi ya wagonjwa ndani ya siku 180 na si hali iliyotulia, hesabu kwa muda huo, kwa sababu r na n huathiri pia kasi ya kufika, si mahali pa kufika tu.

Mbu wa wastani hayupo

Kwa nini uwezo wa mbu ulikwama kwenye punguzo la asilimia 90 na haukuanguka kabisa? Garki ilikuwa na Anopheles gambiae, An. arabiensis na An. funestus. Sehemu ya mbu hao walikuwa wanapumzika nje baada ya kunywa damu, na uchunguzi wa kromosomu zao ulionesha kwamba wanaopumzika nje na wanaopumzika ndani hawakuwa mchanganyiko wa bahati tu. Kulikuwa na tofauti za kurithi. Dawa ya ukutani haimfikii asiyetua ukutani.

Tuliweke hilo kwenye hesabu. Chukua kwamba mbu 9 kati ya 10 hutua ndani na dawa inapandisha μ yao hadi 0.5, na mmoja hubaki nje na μ yake ni 0.1 ileile. Anayetumia wastani atasema μ = 0.46. Akiingiza kwenye fomula anapata R0 ya 0.49: malaria imekwisha, andaa sherehe. Lakini ukikokotoa kila kundi peke yake na kujumlisha, R0 ni 8.55. Karibu yote inatoka kwa yule mmoja wa nje, wale tisa wanachangia kiasi kisichozidi 0.3.

Uchambuzi wa unyeti uliofanywa juu ya μ ya wastani hauwezi kuliona hili hata ukirudiwa mara 100,000. Parameta iliyokuwa na maana, sehemu ya mbu wanaopumzika nje, haikuwa kwenye orodha. Unyeti hupimwa kwa parameta zilizoandikwa tu. Muundo wa modeli haumo, na njia pekee ya kuupima ni kuandika modeli ya pili yenye muundo mwingine na kulinganisha.

Parameta zinazoshikana mikono

Desturi ya kubadilisha parameta moja na kuzishikilia nyingine inadhani kwamba zinaweza kuachana. Mara nyingi haziwezi.

Mfano wa kwanza ni m na μ. Kama mazalia yanatoa mbu wapya kwa kasi ileile kila siku, idadi ya mbu ni kasi hiyo ikigawanywa kwa μ. Ukiongeza vifo, m nayo inashuka. Fahirisi ya μ inakuwa −(2 + μn), yaani −3 badala ya −2. Chandarua chenye dawa kinagusa zaidi: kinapunguza a kwa kumzuia mbu, kinapandisha μ kwa kumuua, na m inafuata. Tuseme a inashuka kutoka 0.3 hadi 0.2 na μ inapanda hadi 0.15. R0 mpya ni 9.9. Mtu akijumlisha fahirisi kwa asilimia za kawaida (theluthi moja mara 2, nusu mara 3) anapata punguzo la asilimia 217, jambo ambalo halipo duniani. Fahirisi ni mteremko wa pale uliposimama. Kwa mabadiliko makubwa itumike kwenye logi. Hapo inatoa 10.9, karibu na ukweli ingawa si wenyewe, maana fahirisi ya μ nayo inabadilika njiani. Na kama modeli inakokotolewa kwa sekunde, kuna haja gani ya kukisia? Iendeshe upya.

Mfano wa pili ni mzuri zaidi na haujulikani inavyostahili. Uwanjani a na p hazipimwi moja kwa moja. Kwa a, huchukuliwa sehemu ya mbu wenye damu ya binadamu tumboni, ikagawanywa kwa siku za mzunguko wa damu na mayai, tuuite g. Kwa p, mbu hupasuliwa, ikatazamwa sehemu ambayo imeshawahi kutaga, kisha sehemu hiyo ikawekwa kwenye kipeo cha 1/g. Kwa hiyo g moja inaingia sehemu mbili.

Tuseme asilimia 90 ya damu ni ya binadamu na asilimia 73 ya mbu wameshataga. Kwa g = 3, a ni 0.3 na p ni 0.90. Kwa g = 2, a ni 0.45 na p ni 0.85. Anayebadilisha a peke yake ataripoti kwamba kosa la siku moja katika g linaikuza R0 mara 2.25. Anayebadilisha p peke yake ataripoti kwamba kosa hilohilo linaishusha hadi 0.39 ya ilivyokuwa. Vyote viwili vikienda pamoja, kama inavyotokea kweli, R0 inakuwa 0.89 ya ile ya mwanzo. Makosa mawili makubwa yamekulana, limebaki la asilimia 11. Uchambuzi usiofuata parameta mpaka kwenye kipimo chake cha uwanjani unatoa mipaka ya shaka mipana bila sababu, na mahali pengine myembamba bila sababu.

Kuna pia parameta zisizotenganishika kabisa. Ndani ya R0, b na c zipo kama zao tu. Data yoyote inayotoa R0 peke yake haiwezi kusema b ni 0.5 na c ni 0.5, au b ni 0.25 na c ni 1. Fahirisi zake zinalingana si kwa sababu zina umuhimu sawa bali kwa sababu modeli haizioni kama vitu viwili.

Dawa kwa watu wote: maisha karibu na ukingo

Garki haikuishia kwenye kunyunyiza. Katika baadhi ya vijiji watu wote waligawiwa mchanganyiko wa sulfalene na pyrimethamine, juu ya dawa ukoko. Kundi moja la vijiji lilipewa kila wiki 10. Jingine kila wiki 2 katika msimu wa mvua. Katika kundi la pili maambukizi yalishuka hadi takriban asilimia 1 wakati wa kiangazi na asilimia 5 wakati wa mvua. Hayakukatika. Ugawaji na upuliziaji ulipokoma, ugonjwa ulirudi.

Kwenye modeli yetu ndogo, kugawa dawa kunaongeza r. Ukifikia asilimia 85 ya watu kila siku 70, r inaongezeka kwa 0.85/70, inakuwa 0.022. Pamoja na mbu waliopunguzwa kwa asilimia 90, R0 ni 3.7 na x ni 0.52. Kila siku 14, r inakuwa 0.071, R0 ni 1.17, na x ni 0.064. Ugawaji wa dawa umeongezeka mara tano, na tunaona kwa nini ratiba ya wiki 10 ilikuwa kama kukinga mafuriko kwa ufagio.

Lakini tazama fahirisi ilipofika. Kwa R0 ya 1.17, m na b, zenye 1 kwa R0, zina 6.4 kwa x. Ufikiaji wa watu ukishuka kutoka asilimia 85 hadi 80, x inapanda kutoka 0.064 hadi 0.085, ongezeko la theluthi. Ukipanda hadi 90, x inashuka hadi 0.044. Hapa ndipo kaya chache zilizohama kwa ajili ya malisho au zilizokuwa shambani siku ya ugawaji zinaamua matokeo, na hapa ndipo utabiri wa modeli unastahili kuaminiwa kidogo kuliko popote pengine, kwa kuwa makosa ya vipimo nayo yanakuzwa vivyo hivyo.

Modeli iliyotengenezwa na Dietz, Molineaux na Thomas mwaka 1974 kwa ajili ya mradi huu ilikwenda mbali kuliko hii ya darasani. Iliwagawa watu kwa kinga, na kuwapa wenye kinga kasi ya kupona takriban mara kumi ya wasio nayo: 0.023 kwa siku dhidi ya 0.0023. Katika modeli ya namna hiyo r si namba moja tena. Ukipunguza mbu, baada ya miaka kadhaa watu wanapoteza kinga, kasi ya wastani ya kupona inashuka, na sehemu ya faida inaliwa. Fahirisi ya m kwa mwaka wa kwanza na kwa mwaka wa kumi si moja.

Kufanya uchambuzi wa eneo zima

Fahirisi zote za juu ni za mahali pamoja. Kwa modeli yenye parameta saba zisizojulikana vizuri, hatua inayofuata ni kuzitikisa zote kwa pamoja. Njia iliyozoeleka ni sampuli za mraba wa Kilatini: mgawanyo wa kila parameta unakatwa vipande 1,000 vyenye uwezekano sawa, kila kipande kinachukuliwa mara moja tu, vinachanganywa, modeli inaendeshwa mara 1,000. Kisha kila parameta na tokeo hugeuzwa kuwa nafasi (ya kwanza, ya pili, na kuendelea), na uhusiano wa kila moja na tokeo unapimwa baada ya kuondoa athari za nyingine. Kipimo hicho hujulikana kwa kifupi PRCC.

Yanayoharibika ni haya. PRCC inadai uhusiano wa kupanda tu au kushuka tu. Kama tokeo linapanda kisha linashuka, kipimo kinaweza kutoka karibu na 0 na parameta muhimu ikatupwa. Chora nukta za kila parameta dhidi ya tokeo kabla ya kuamini namba. Pili, alama za nyota za «umuhimu wa kitakwimu» hazina kazi hapa: kwa sampuli 10,000, PRCC ya 0.05 inapita mtihani kwa mbali, kwa sampuli 100 inashindwa. Wewe ndiye uliyechagua idadi ya sampuli, kwa hiyo nyota hizo umezinunua kwa umeme wa kompyuta.

Tatu, na hili ndilo zito: mipaka unayoipa kila parameta ndiyo inayopanga washindi. Mpe m kati ya 1 na 20 na μ kati ya 0.09 na 0.11, m itaongoza bila jasho. Geuza mipaka, μ itaongoza. Kuweka kila parameta ±asilimia 10 kunaonekana haki lakini ni uvivu, kwa sababu μ inajulikana kwa namna moja na b kwa namna nyingine kabisa. Na tofautisha mipaka ya aina mbili: ile ya kutojua (vipimo vinatofautiana kiasi gani) na ile ya kutenda (tunaweza kuisogeza kiasi gani). Ya kwanza inakuambia upime nini zaidi, ya pili inakuambia ufanye nini. Jedwali moja haliwezi kubeba yote mawili.

Kama parameta zinaingiliana sana, njia ya Sobol inagawanya mtawanyiko wa tokeo kati ya parameta moja moja na michanganyiko yake. Kwa parameta 7 na sampuli 1,000 za msingi inahitaji kuendesha modeli mara 9,000, yaani 1,000 × (7 + 2). Tofauti kubwa kati ya fahirisi ya kwanza na fahirisi ya jumla ya parameta inamaanisha athari yake inategemea wenzake. Njia hii kwa kawaida inadhani parameta hazishikani mikono. Kwa a na p za hapo juu, chukua sampuli ya g, ya sehemu ya damu ya binadamu na ya sehemu ya mbu waliotaga, kisha zikokotoe a na p ndani ya msimbo.

Kutoka savana kwenda milimani

Fahirisi za Garki hazihamishiki. Siku za kukomaa kwa P. falciparum ndani ya mbu hukadiriwa kwa 111 ÷ (T − 16), T ikiwa halijoto kwa nyuzi za Selsiasi. Kwa nyuzi 27 ni siku 10, na nyuzi moja zaidi inapandisha R0 kwa karibu asilimia 9 kupitia n peke yake. Kwa nyuzi 20, hali ya vilima vya Usambara au Kericho, n ni karibu siku 28, fahirisi yake inatoka −1 hadi −2.8, na ya μ inafika −3.8. Hapo nyuzi moja zaidi inaipandisha R0 kwa asilimia 74. Mbu wachache wa milimani wanaoishi muda mrefu ni hatari kuliko wengi wanaokufa mapema, na dawa ukoko ya ukutani, ileile iliyokwama Garki, inapata kazi mara mbili.

Mpango wa Pare–Taveta wa 1954 hadi 1959, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, ulipulizia dieldrin. An. funestus ilitoweka, malaria ikashuka sana, lakini haikukatika. Anayetaka kujua kwa nini aanze kwa kuuliza R0 ya pale ilikuwa kiasi gani kabla ya kupulizia, kisha ni mbu gani waliokuwa wanalala nje.